Poti ya kushika kwa mkono au ya kwenye konfigi? Soma kabla hujanunua rauta

Juzi kuna jamaa kanipigia, anamalizia gesti yake ya ghorofa mbili huku Nyegezi, Mwanza, anauliza lile swali ninaloulizwa karibu kila mwezi: fundi, ninunue rauta ya poti tano au ya poti kumi? Nikamuuliza unataka kuunganisha nini na nini, akasema mapokezi, wageni na kamera. Basi. Makundi matatu. Ukijibu haraka haraka utasema tano zinatosha na chenji inabaki, lakini swali lenyewe sio idadi ya poti, ni kama hayo makundi unayatenganisha kwa waya au unayatenganisha ndani ya konfigi, yaani mipangilio unayoiandika ndani ya rauta. Salio likakata kabla sijamaliza kumueleza ndo maana naandika yote hapa, najua hayuko peke yake.

Tuelewane kwanza kwenye maneno. Intafesi, vitabuni wanaita kiolesura ila mtaani sijawahi kusikia fundi akisema hivo, ni mlango ambao rauta inapitishia data. Kuna ya kushika kwa mkono: tundu la RJ45 (lile la waya wa mtandao, ndo poti yenyewe), tundu la SFP unalochomeka moduli ya faiba, redio ya waifai, modemu ya laini ya simu. Hii ina taa, inapata joto, inapigwa na radi. Na kuna ya kwenye konfigi tu, hiyo umeiandika wewe mwenyewe: VLAN (mitandao kadhaa kwenye waya mmoja), briji (poti kadhaa zikawa mlango mmoja), na PPPoE, taneli, bondi, lupubaki ambazo nitazieleza mbele. Haina taa wala tundu ila rauta haiibagui, unaipa IP (anwani yake mtandaoni), unaiwekea faiawoli (sheria za nani apite nani asipite), inahesabu baiti zilizoingia na zilizotoka kama kawaida. Ukifungua Winbox, programu ya kusimamia rauta za MikroTik, orodha ya intafesi inakuja yote kwa pamoja, ether1 (poti ya kwanza), bridge, vlan10, pppoe-out1, zimepangwa kama watoto wa tumbo moja, na hapo ndo wengi wanapochanganyikiwa.

Mimi kuzitofautisha natumia swali moja tu: nikichomoa waya gani hii kitu inakufa? ether3 inakufa ukichomoa waya wa ether3, hilo rahisi. vlan10 iliyokaa juu ya ether2 inakufa ukichomoa ether2, na inakufa pamoja na vlan20 na vlan30 maana zote zimebebwa mgongo mmoja. Briji yenye poti nne ukichomoa moja zingine zinaendelea. Lupubaki haifi kwa waya wowote ule, mpaka rauta izimwe. Ukiweza kujibu hilo swali kwa kila mstari unaouona kwenye rauta yako huhitaji tena mtu akueleze tofauti.

Na yule anayesema mimi sitaki mambo ya konfigi nataka poti za kweli tu, pole sana, umeshazitumia. Chukua rauta ya MikroTik inayoitwa hEX, ile ya RB750Gr3 ambayo mafundi wengi tunaijua, ina poti 5 za giga (Mbps 1000). Inavyotoka kwenye boksi ether1 imewekwa ya intaneti, ether2 mpaka ether5 zimeshafungwa ndani ya briji moja, na ile 192.168.88.1 unayoingilia haikai kwenye poti yoyote, inakaa kwenye briji. Yaani siku ya kwanza tu unaiwasha uko tayari upande wa konfigi.

Poti kwa poti, au VLAN

Hapa ndo pesa ilipo kwa hiyo nitakaa sana.

Njia ya kwanza ni ya kizee na naipenda: ether1 intaneti, ether2 mapokezi, ether3 wageni, ether4 kamera, ether5 inabaki akiba. Kila poti mtandao wake, mfano 192.168.10.0, 20.0 na 30.0, na kila upande unaweka swichi (kisanduku cha kugawa waya mmoja kuwa nyingi) ya kawaida ya bei chee. Uzuri wake ni kwamba kila mtu anaielewa, hata dada wa mapokezi ukimpigia saa nane usiku ukamwambia chomoa waya wa tatu kutoka kushoto, wageni wanazimika na kamera zinabaki hewani. Jaribu kumwambia huyo huyo azime VLAN 20.

Shida inaanza ukipanda ngazi. Gesti ya huyu jamaa ina sakafu tatu ukihesabu na ya chini, na kila sakafu kuna aksesipointi (kifaa cha kurusha waifai) ya wageni, kamera za korido na kompyuta au simu ya mhudumu. Ukienda kwa njia ya poti kwa poti unahitaji swichi tatu chini, afu waya tatu zipande sakafu ya kwanza na tatu zipande ya pili, na huko juu kila sakafu swichi tatu tena. Jumla swichi 9 na waya 6 za kupanda. Angalia kwamba poti za rauta hazijaisha! Rauta ya poti kumi isingemsaidia chochote hapa, kilichoisha ni bomba la waya ukutani ambalo fundi ujenzi aliweka moja jembamba kama mrija wa soda.

Njia ya pili unachukua ether2 peke yake, unaifanya tranki (waya mmoja wa kubeba makundi yote), juu yake unaandika vlan10, vlan20 na vlan30. Kila fremu (kipande cha data) ikitoka inabandikwa tegi ya baiti 4 inayosema mimi ni wa namba fulani, na swichi ya upande wa pili inaisoma tegi na kupeleka panapohusika. Huo ndo utaratibu wa 802.1Q, ulitoka mwaka 1998, namba ina biti 12 kwa hiyo unaweza kutumia 1 mpaka 4094, gesti haitazimaliza. Kwenye rauta za Cisco ni kitu kile kile ila unaandika kwa mtindo wa GigabitEthernet0/0.10 afu encapsulation dot1Q 10, intafesi ndogo juu ya kubwa. Hesabu ya gesti sasa: swichi 3, waya 2 za kupanda. Kutoka tisa na sita mpaka tatu na mbili.

Ila swichi zenyewe lazima ziwe zile smati zinazoelewa VLAN, sio ile ya bei chee ya mezani. Swichi ya kawaida haisomi tegi, inachanganya wote kwenye bakuli moja, na nimeshakuta sehemu fundi kaandika VLAN vizuri kabisa kwenye rauta afu kaweka swichi ya kawaida chini yake, anashangaa wageni hawapati IP. Swichi smati ina bei zaidi, lakini tatu smati dhidi ya tisa za kawaida, plus waya, plus siku za fundi kuvuta waya, piga hesabu mwenyewe kwa bei za duka lako.

Sasa spidi, maana hapa kuna watu wanatishana bure. Kweli VLAN zote tatu zinagawana poti moja. Poti ya giga inaingiza giga moja na kutoa giga moja kwa wakati mmoja. Mgeni anayeangalia video inayotoka intaneti anaingilia ether1 na kutokea ether2, anatumia upande wa kutoa tu, na kama intaneti uliyonunua ni Mbps 50 basi ni 50 hiyo hiyo, umebakiwa na nafasi ya kulima. Kinachokula ni data inayotoka VLAN moja kwenda nyingine, maana inaingia na kutoka kwenye tundu lile lile. Mfano kamera 16, tuseme kila moja Mbps 4, hiyo ni 64, na kifaa cha kurekodi umekiweka kwenye VLAN ya mapokezi, basi 64 zinapanda mpaka rauta na 64 zinashuka usiku na mchana bila sababu, na prosesa ya rauta inazihesabu zote. Weka kifaa cha kurekodi kwenye VLAN hiyo hiyo ya kamera, zinamalizana kwenye swichi na rauta haijui hata kama kuna kamera. Lakini kama rauta yako ni ya poti za Mbps 100, kama hAP lite, hapo nakuelewa ukiogopa tranki, hiyo gawa kwa poti.

Kuna ugonjwa mmoja nautaja kwa sababu unabadilisha kabisa maamuzi. Giga inahitaji jozi zote 4 za waya, nyaya 8 zote ziguse vizuri. Mbps 100 inahitaji jozi 2 tu, zile pini 1, 2, 3 na 6. Kwa hiyo konekta ikiwa imebanwa vibaya, au panya kaonja, waya mara nyingi hauzimiki, unashuka tu kimya kimya kutoka 1000 mpaka 100. Ukiwa na poti kwa poti, shida hiyo inawapata kamera peke yao na huenda usijue mwaka mzima. Ukiwa na tranki umewashusha wote watatu kwa mpigo. Ndo maana waya wa tranki mimi nabana mwenyewe, sitaki kijana wa mafunzo aniguse hapo, na kila nikimaliza naangalia spidi iliyoandikwa kwenye poti, siridhiki na kuona taa inawaka.

Halafu radi. Sisi wa kando ya Ziwa Victoria radi tunaijua, wingu likija usiku kutoka ziwani unajiombea na vifaa vyako. Poti ikiungua kwenye njia ya kwanza umepoteza kundi moja, kwenye tranki umepoteza yote. Hiyo ni kweli na watu wa poti kwa poti wanapenda kuisema. Wasichosema ni kurudisha kunavyokuwa. Kama IP, DHCP (inayogawia vifaa IP), sheria za faiawoli na ugawaji wa spidi vyote umevifunga kwenye jina ether3, na ether3 imekufa, utapita mstari kwa mstari ukibadilisha ether3 kuwa ether5 na lazima utasahau mmoja. Mwenye VLAN anafungua vlan10, anabadilisha intafesi inayoibeba kutoka ether2 kwenda ether5, anafanya hivo kwa zote tatu, anahamisha waya, kwisha, kila kitu kingine kinafuata maana kilikuwa kimefungwa kwenye jina vlan10 na jina halijabadilika. Kwa hiyo hata ukiamua poti kwa poti nakushauri IP usiiweke kwenye poti moja kwa moja, tengeneza briji, ipe jina "kamera", tia ether4 ndani peke yake, IP na DHCP weka kwenye briji. Inaonekana ni kujichosha mpaka siku poti iungue.

Na hili la mwisho kwenye VLAN ni kubwa kuliko yote afu ndo linasahaulika zaidi. Kutenganisha kwa poti au kwa VLAN hakumzuii mgeni kufika ofisini! Rauta kazi yake ni kupitisha, ukiipa mitandao mitatu itaiunganisha yote mitatu bila kuambiwa. Umezuia kelele zile za matangazo ya mtandao na maombi ya DHCP, lakini mgeni akiandika IP ya printa ya mapokezi anafika tu, tena vizuri. Lazima uandike sheria ya faiawoli kwenye forward (sehemu ya data inayopita kati ya mitandao), kutoka wageni kwenda ofisi na kamera, kataa. Hapo njia zote mbili ziko sawa sawa, hakuna ya kuringa.

Briji: kila mtu anaipenda mpaka siku ya kwanza ya balaa

Kulinganisha na hizo mbili, briji ni kinyume chake. VLAN inachukua tundu moja kuwa milango mitatu, briji inachukua matundu manne kuwa mlango mmoja. Nyumbani kwako weka briji, wala usisome zaidi. Kama chipu ya rauta inaweza kubeba kazi, kwenye MikroTik utaona herufi H pembeni ya poti ndani ya briji, maana yake pakiti za poti kwa poti hazimgusi prosesa, zinaenda kwa spidi ya waya.

Kwenye biashara ya watu wengi ndo balaa. Kuna lodge moja niliitwa, intaneti inakuja inakatika, mapokezi hawawezi kupokea malipo, bosi anafoka. Nimezunguka saa mbili nzima nikalaumu faiba, nikalaumu umeme. Kumbe kuna mtu aksesipointi ya korido ilikufa akaleta kirauta chake cha nyumbani, akachomeka waya kwenye tundu la LAN (la ndani) badala ya WAN (la intaneti), na kirauta hakijazimwa DHCP, kwa hiyo nusu ya vifaa vya jengo zima vinapewa IP za 192.168.0 na njia ya kutokea ambayo haiendi popote. Kwa sababu yote ilikuwa briji moja, kosa la korido limefika mpaka kwenye kompyuta ya mhasibu. Wangekuwa wametenganisha, iwe kwa poti iwe kwa VLAN, wangelia wageni peke yao.

Kosa la briji ambalo wanaoanza wote tumelifanya: umetia ether2 kwenye briji afu unaenda kuweka seva ya DHCP kwenye ether2. Haifanyi kazi, kwenye Winbox inakuwa nyekundu. Poti ikishaingia kwenye briji imekuwa mtumwa, anayejibu ni briji.

Waifai: majina mawili kwenye redio moja, au redio mbili

Hii fupi. Aksesipointi yako inaweza kutangaza "Ofisi" na "Wageni" kwa redio ile ile, jina la pili ni intafesi ya konfigi tu iliyokaa juu ya redio halisi. Ni nzuri, ni bure, na ukiipeleka jina moja vlan10 na lingine vlan20 mambo yanakaa. Ila hewa ni moja, chaneli ni moja, wageni wakijaa ofisi inasikia. Na kila jina linapiga kelele zake za kujitangaza karibu mara 10 kwa sekunde, tena kwa spidi ya chini, kwa hiyo majina mawili matatu sawa, wale wanaoweka majina nane kwenye kifaa kimoja wanajipunguzia hewa wenyewe. Kama ofisi inategemea waifai kwa malipo, mimi ningeiwekea waya na nisihangaike na redio ya pili.

PPPoE au IP ya kawaida

Hapa mara nyingi huchagui wewe, anachagua anayekuuzia intaneti. Ila ukipewa nafasi: IP ya kawaida kwa DHCP inakaa moja kwa moja kwenye ether1, rahisi, MTU (ukubwa wa mwisho wa pakiti, kwa baiti) ni 1500. PPPoE inazaa intafesi mpya juu ya ether1, ina jina la mtumiaji na neno la siri, na inakula baiti 8 kwa hiyo MTU inashuka mpaka 1492. Dalili ya aliyekosea hapo inafahamika, tovuti zingine zinafunguka vizuri zingine zinazunguka tu mpaka uchoke, afu unaambiwa intaneti mbovu. Kosa lingine la kila siku ni NAT, ile ya vifaa vyote vya ndani kutokea kwa IP moja ya nje. Mtu kaandika masquerade (sheria yake) itokee ether1 wakati IP ya nje iko kwenye pppoe-out1, anapiga simu kwa mtoa huduma kugombana, na wa kulaumiwa ni yeye.

Lakini ukiwa wewe ndo unauza intaneti kwa majirani mambo yanageuka, PPPoE inakuwa tamu. Kila mteja akiingia rauta inamzalia intafesi yake peke yake kwenye poti ile ile, unaona anatumia kiasi gani, unampimia spidi, hajalipa unamfunga yeye tu. Wateja 60 kwenye tundu moja. Jaribu kuwapa poti kila mmoja uone.

Bondi au poti kubwa

Unafunga poti mbili za giga zinakuwa intafesi moja. Watu wanadhani wamepata bomba la giga mbili, hapana. Kwa mtindo wa kawaida wa LACP (utaratibu wa kufunga poti pamoja) kila mazungumzo yanapangiwa waya mmoja na yanabaki hapo, kwa hiyo kupakua faili moja bado ni giga moja, faida unaiona watumiaji wakiwa wengi, na hasa unaiona waya mmoja ukikatika maana wa pili unaendelea bila mtu kujua. Ukitaka spidi ya kweli kati ya rauta na swichi nunua yenye SFP+ ya giga 10. Ukitaka usalama wa waya kukatika funga bondi. Huyu wa gesti hahitaji hata moja.

Lupubaki na taneli, kwa wenye matawi

Mwenye jengo moja aruke hapa.

Lupubaki ni intafesi ambayo haijashikana na kitu chochote cha kushika. Kwenye Cisco unaandika interface Loopback0 na inawaka hapo hapo, wakati poti halisi za rauta zao zinakuja zimezimwa mpaka uandike no shutdown, nadhani kila aliyesoma mtandao chuoni ameshapotezea nusu saa hapo. Kwenye MikroTik wengi tulizoea kutengeneza briji tupu isiyo na poti hata moja, kazi inakuwa ile ile. Faida: ukiwa na njia mbili za kufika kwenye rauta ya tawi, ukitumia IP ya poti kama anwani yake, poti hiyo ikizimika hiyo IP nayo imekwenda hata kama njia ya pili ni nzima. IP ya lupubaki inafikika kwa njia yoyote iliyobaki hai. Kwa OSPF (rauta kuambizana njia zenyewe) pia, rauta ya Cisco usipoiandikia kitambulisho inachukua IP kubwa kuliko zote za lupubaki, na isipoikuta ndo inahamia kwenye poti zilizo hai. Afadhali ukiandike mwenyewe.

Taneli, njia yako binafsi ndani ya intaneti, inalinganishwa na kukodi laini ya moja kwa moja kati ya matawi. Zamani rauta za ofisi zilikuwa na poti za serial, zile zenye kebo nene za V.35, unalipia laini yako kila mwezi, na kabla kebo ya baharini ya SEACOM haijatua mwaka 2009 huku kwetu intaneti yenyewe ilikuwa inapita angani kwa dishi. Saivi wengi wanapitisha taneli ya WireGuard juu ya intaneti ya kawaida, kwenye MikroTik ipo kuanzia RouterOS 7. MTU yake kawaida ni 1420, ya GRE (taneli ya aina nyingine) ni 1476, hayo ni makato ya bahasha ya nje. Laini ya kukodi unanunua uhakika, kama benki. Duka lenye matawi mawili taneli inatosha sana, mradi ukumbuke kwamba intaneti ya upande wowote ikilala taneli nayo imelala, na ile orodha ya intafesi inaweza bado kukuonyesha iko juu. WireGuard haina habari ya kuzimika, angalia muda wa mwisho waliposalimiana.

Kisa cha Nansio

Kuna kazi niliifanya kisiwani Ukerewe, Nansio. Nikajiona mjanja, nikafanya kila kitu kwa VLAN ndani ya briji moja, hata intaneti inayotoka kwenye redio ya mnarani nikaipitisha humo humo kama VLAN 99 ili nibakiwe na poti. Poti za nini sasa hata sijui. Nikarudi Mwanza. Baada ya wiki nikaingia kwa mbali kumalizia, nikawasha vlan-filtering (briji ianze kuzitenganisha VLAN) kwenye briji, na nilikuwa sijaiingiza briji yenyewe kwenye orodha ya waliotegiwa. Ukisahau hilo prosesa ya rauta haipati kitu, na intaneti yangu ya kuingilia ilikuwa inapita humo humo. Skrini ikaganda. Nikajua.

Nikapanda meli kesho yake, nimekaa na wauza dagaa njiani, nimefika nimechomeka laptopu, nimeingia kwa Winbox kwa kutumia MAC (namba ya kifaa chenyewe) maana IP haikuwepo, nimebadilisha mstari mmoja. Dakika nne. Nikasubiri meli ya kurudi. Kitufe cha Safe Mode kiko pale juu kwenye Winbox, ukikibonyeza kabla ya kubadilisha, ukikatika kinarudisha mambo yalivyokuwa. Sikukibonyeza.

Tangu hapo, hata niwe na VLAN ngapi, natoa poti moja ya kushika nje ya kila kitu. Haimo kwenye briji, haibebi VLAN, ina IP yake na DHCP yake ndogo, faiawoli inairuhusu kuingia kwenye rauta. Na intaneti nayo inakaa kwenye poti yake, haichanganywi.

Kwa hiyo jamaa wa Nyegezi nimemwandikia hivi: rauta ya poti tano za giga. ether1 intaneti. ether2 tranki ya kwenda swichi ya chini, VLAN 10, 20, 30, swichi smati tatu, kifaa cha kurekodi kamera kikae VLAN 30. ether3 na ether4 ziache tupu, akiba radi ikiunguza poti. ether5 ya fundi, niiandike kwa maka peni juu ya boksi "USIGUSE". Akajibu kwa ujumbe, sawa fundi, ila ile ya poti kumi ina taa nyingi nzuri.

Nimemwambia anunue na antena za urembo basi.